Nyumba mpya ya Kalebuka au ya zamani ya Katuba?

Swali: Papa, jambo. Tunapanga nyumba hapa komini ya Kenya, Lubumbashi: mimi, mume wangu, watoto wanne na mama mkwe, ambaye ana presha. Mume anafanya kazi mjini, mimi nauza vitenge soko la Kenya, na watoto wawili wakubwa wanasoma sekondari hapa hapa. Tumekusanya pesa ya nyumba, na tumepata mbili za bei moja. Ya kwanza iko Kalebuka, pembezoni mwa mji: mpya, vyumba vinne, vigae sakafuni, lupango (kiwanja) ya mita 20 kwa 30, kuna kisima. Karatasi yake ni ya chifu. Ya pili iko Katuba: ya zamani, vyumba viwili na sebule, lupango ndogo zaidi, bomba la Regideso (kampuni ya maji) na kurant (umeme). Anayeuza ni mtoto mkubwa wa marehemu mwenye nyumba, ameshika livret de logeur ya baba yake, ile karatasi ya zamani ya nyumba za cité. Mume anataka Kalebuka kwa sababu ya nafasi. Mimi moyo unasita. Tufanye nini?

Jibu: Mama, kama mnataka neno moja, ni Katuba. Lakini Katuba hiyo ina sharti, na sharti lenyewe liko kwenye ile livret ya marehemu. Nitalifikia.

Nikienda kukagua nyumba ya familia naanzia nje ya geti. Kuta zinarekebishika: chumba kinaongezwa, paa linabadilishwa, vigae vinatandikwa siku pesa ikipatikana. Ila hakuna mwenye lupango anayeweza kujijengea shule ya sekondari, kusogeza hospitali karibu au kuchimba mfereji wa avenyu nzima peke yake. Wanunuzi wengi wanaonyeshwa vigae kwanza, wanavipenda, na mambo ya nje wanakuja kuyajua Januari, mvua ikishawakuta ndani.

Hebu tuhesabu nauli, maana ndiyo bei ya pili ya nyumba ya mbali na muuzaji hawezi kukutajia. Mkihamia Kalebuka, watu wanne watatoka kila asubuhi: mume kwenda mjini, wewe kwenda sokoni, na wale wawili wa sekondari, kama hamtawahamisha shule. Tuseme kila mmoja anapanda gari mbili kwenda na mbili kurudi, siku 22 kwa mwezi. Nne mara mbili mara mbili mara 22 ni nauli 352 kila mwezi. Zidisha na bei ya bus mnayoijua wenyewe, kisha mara 12. Mwonyeshe mume hiyo namba kabla hamjaongea habari ya vyumba. Na hapo sijahesabu zile siku za mvua ambapo bus haitaki kuingia ndani ya kartiye (mtaa) na watu wanachukua pikipiki mpaka barabarani. Kutoka Katuba, wewe na watoto mnaweza kufika Kenya kwa miguu, kutegemea nyumba iko sehemu gani, na mume anabaki na gari moja.

Kwa wale wadogo wawili, Kalebuka zipo shule za msingi. Usiishie kuona jengo. Tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa ya bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa kupita kiasi, na mahali ambapo watu wanahamia kwa kasi yanajaa zaidi. Ingia saa tatu asubuhi, chungulia darasa la pili, uone watoto wangapi wanabanana kwenye benchi moja. Mkuu wa shule atakwambia kila kitu kiko sawa, lakini benchi utaiona mwenyewe.

Halafu kuna mama mkwe. Mtu mwenye presha anaweza kuzidiwa saa nane ya usiku, na hapo kinachopimwa ni barabara. Kalebuka, tafuta jirani aliyejifungua kati ya Desemba na Machi, umuulize alifikaje maternité, hospitali ya kujifungulia. Swali hilo moja litakupa habari za njia, za pikipiki, za usalama na za kituo cha afya kwa pamoja, na wanawake wanalijibu wazi kabisa. Ukisikia kwamba walimbeba mpaka barabara kubwa, umeshajua mzee wako atabebwa vipi.

Sasa maji. Kisima ndani ya lupango kinavutia, na mama anayechota mbali kila siku ana haki ya kukitamani. Lakini chukua kamba upime. Kanuni inayofuatwa katika kazi ya maji ni kwamba choo cha shimo kiwe walau mita 30 kutoka kisima, na sakafu ya shimo iwe walau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Lupango yenu ina mita 20 kwa 30. Hata mkiweka kisima kwenye pembe moja na choo kwenye pembe ya mkabala, mnapata mita 36 tu, na hapo nyumba inabanwa katikati. Hayo ni ya kwenu. Jirani wa kushoto naye amechimba choo chake, wa kulia vilevile, wa nyuma vilevile, na kila mmoja amekiweka mbali na mlango wake, yaani kwenye ukuta unaopakana nanyi. Chungulia juu ya ukuta uone vyoo vyao viko wapi. Maji yanaweza kuwa meupe, baridi, matamu, na bado yakabeba kuhara na tifoidi. Kwa hiyo kisima cha kawaida katika kartiye iliyojengeka ni maji ya kufua na kuoshea. Ya kunywa yachemshwe au yawekwe klorini, kila siku, bila mapumziko. Kama kuna forage, yaani kisima cha kuchimbwa kwa mashine, ya kina kirefu ambayo kartiye inachangia, hiyo ni habari nyingine na inaongeza thamani ya nyumba.

Kuna jambo la pili kuhusu visima vya kwetu. Mvua yetu, karibu milimita 1,200 kwa mwaka, inanyesha karibu yote kati ya Novemba na Aprili mwanzoni, na baada ya hapo maji ya ardhini yanashuka mwezi baada ya mwezi. Kisima kinachoonyeshwa mwezi wa tatu kimejaa. Ukitaka ukweli wake, kiangalie Oktoba, kabla mvua haijaanza. Kama hamwezi kungoja, muulize jirani (usimuulize muuzaji) kama Oktoba iliyopita alichota, na kama ilibidi kuongeza kina.

Katuba nako kuwa na bomba haimaanishi kuwa na maji. Fungua bomba mwenyewe. Uliza yanakuja saa ngapi, siku ngapi kwa wiki, na nani analipa faktura. Deni la mwenye nyumba wa zamani lina tabia ya kubaki kwenye lupango, kwa hiyo dai faktura za mwisho za Regideso na za SNEL (kampuni ya umeme) kabla ya kusaini. Kwa kurant, nenda saa moja jioni, watu wote wakiwa wamewasha. Taa ikiwa nyekundu na hafifu, kabini (transfoma) ya kartiye imeelemewa, na friji haitadumu hapo. Kalebuka, uliza kama nguzo na kabini zimewekwa na SNEL au ni nyaya ambazo wakazi wamevutana wenyewe kutoka kwa jirani.

Twende kwenye jengo lenyewe, maana la Kalebuka ni jipya na jipya linaficha mengi.

Chukua msumari. Tafuta mahali ambapo matofali hayajapigwa lipu, kwa kawaida upande wa nyuma au juu karibu na mabati, ukwaruze kiungo kati ya tofali na tofali. Kikikataa, ni simenti. Ikitoka kwanza ganda jembamba la kijivu, halafu msumari ukazama kwenye udongo mwekundu, basi ukuta umejengwa kwa matope na simenti imepakwa usoni tu. Nyumba ya namna hiyo inaweza kusimama miaka mingi kama paa lake limetokeza vizuri na maji hayafiki kwenye msingi, lakini bei yake haiwezi kuwa sawa na ya nyumba ya simenti. Kisha angalia juu ya madirisha: je, mkanda wa zege ambao mafundi wetu wanauita shenaji unazunguka nyumba yote, au kuna vipande juu ya matundu tu?

Uliza pia habari ya kichuguu. Watu wa kwetu tunaishi kati ya vichuguu vikubwa kuliko ambavyo wageni wanaamini. Katika miombo ya Katanga vingine vinafika mita nane kwenda juu, na kitako chake kinaweza kuwa na upana wa mita 15. Udongo wake wa mfinyanzi ndio unaotengenezewa matofali ya kuchoma. Kwa hiyo mtu akinunua kiwanja chenye kichuguu, anakikata, anafyatua matofali, anasawazisha, anajenga. Kitako kinabaki chini. Nusu ya nyumba inakaa juu ya udongo ule mgumu unaovimba na kunywea na majira, nusu nyingine juu ya udongo wa kawaida, na nusu hizo mbili haziendi pamoja. Dalili ni ufa wa mshazari unaotoka pembe ya dirisha au ya mlango. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu usikutishe. Unaoingiza ncha ya funguo, unaopita ndani na nje ya ukuta mmoja, huo ni wa msingi. Na kama nyumba imepakwa rangi wiki hii, pitisha kiganja ukutani chini ya madirisha. Mkono unahisi kilichozibwa. Kinyume cha kichuguu ni shimo: pale walipochimba udongo wa matofali, likabaki bonde, likajazwa takataka, likasawazishwa, likauzwa. Wazee wa avenyu wanakumbuka. Waulize kiwanja hicho kilikuwa nini kabla ya nyumba.

Maji ya mvua yanaandika yenyewe. Tazama kuta za nje za majirani, usitazame ile iliyopakwa rangi. Kama alama nyekundu ya matope imefika kwenye goti, maji ya avenyu yanapita hapo. Avenyu nyingi za pembezoni zilikatwa kabla mtu yeyote hajafikiri mvua itapita wapi, na bila kanivo (mtaro wa maji) njia inageuka mfereji, kisha korongo. Kama mnaweza, rudini siku ya mvua kubwa, saa moja baada ya kukatika, mkae dakika chache mbele ya geti.

Nyumba ya Katuba ina magonjwa yake. Komini ile ilichorwa miaka ya 1950, avenyu zimenyooka na viwanja vimepangwa, na hiyo ni faida kubwa. Lakini nyumba zake zimechoka: mbao za paa zimeliwa na mchwa, mabati yana kutu, choo kimejaa na hakuna mahali pa kuchimba kingine. Panda ngazi, ingiza kichwa juu ya plafo (dari), piga mbao kwa nyundo ndogo. Ikilia tupu, hesabu paa jipya na mpunguze bei. Ukikuta paa la éternit ya zamani, yale mabamba mazito ya kijivu, usiruhusu fundi ayakate au kuyakwaruza karibu na watoto. Vumbi lake lina asibesto na linaharibu mapafu. Na mtege masikio: nendeni Jumamosi saa tatu usiku, msikie kama kuna baa au kanisa la mkesha ukuta kwa ukuta. Mama mkwe anahitaji usingizi.

Umesema mume anataka nafasi, na labda lupango kubwa itamvuta kulima bustani. Kuna jambo la mji wetu ambalo kila anayepanda lengalenga (mboga ya mchicha) alijue. Shaba ilianza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, na upepo wetu wa kawaida unatoka kusini-mashariki. Moshi wa lile dohani kubwa la kiwanda ukawa unaangukia zaidi kaskazini-magharibi, ndiyo maana udongo wa Penga Penga na kartiye Gécamines umepimwa mara nyingi na watafiti na kukutwa na shaba, kobalti, risasi na kadimi. Katuba na Kalebuka ziko kusini, nje ya njia hiyo. Lakini Kalebuka hakikisheni hakuna depo ya madini au kiwanda cha kuoshea karibu, wala mtaro unaotoka huko. Mkiona eneo tupu ambalo hata majani hayaoti, ulizeni kwa nini.

Sasa karatasi, ambapo jibu langu linaweza kugeuka.

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya serikali, na anayeishi juu yake anapata haki ya kuitumia. Haki hiyo inathibitishwa na certificat d'enregistrement (sertifika) inayotolewa na konservateri, msajili wa hati za ardhi. Karatasi ya chifu wa Kalebuka inaweza kuwa ya kweli, na chifu mwenyewe mtu wa heshima, lakini inathibitisha kwamba chifu anakujua. Sertifika ni kitu kingine. Vilevile fishi (karatasi ya kiwanja) ya komini na sahihi ya chifu wa kartiye si sertifika. Hatari ya pembezoni ni kiwanja kimoja kuuzwa mara mbili, mara moja na mwenye mila, mara moja na mtu aliyepitia ofisini, na wa ofisini ndiye anayekuwa na nguvu mahakamani. Kabla hamjatoa hata dola moja, pelekeni mchoro na vipimo kwenye ofisi ya kadastre (vipimo vya ardhi) inayohusika (mjini kwetu ziko zaidi ya moja, ulizeni ile ya upande huo), muombe géomètre (mpima ardhi) afike, apime, awaambie kama kiwanja hicho kina namba na kiko kwa jina la nani.

Livret de logeur ya Katuba ina umri na heshima yake. Ndiyo karatasi waliyopewa wakazi wa cité, na inawapa njia ya kuomba sertifika, lakini nayo peke yake si sertifika. Iko kwa jina la mtu aliyekufa, kwa hiyo hamnunui kwa yule kijana. Mnanunua kwa warithi wote. Sheria ya familia ya 1987 inampa mkubwa wa warithi kazi ya kusimamia mirathi, kazi ambayo mahakama inapaswa kuithibitisha. Haimpi nyumba. Watoto wote wa marehemu ni warithi wa daraja la kwanza, hata waliozaliwa nje ya ndoa kama baba aliwatambua, na wote kwa pamoja fungu lao ni robo tatu ya mali. Ulizeni kama mjane yuko hai, maana naye ana haki yake kwenye nyumba aliyoishi na mume wake.

Kwa hiyo dai vitu vitatu: uamuzi wa mahakama unaomthibitisha msimamizi wa mirathi, kikao cha familia kilichoandikwa na kusainiwa na warithi wote wenye umri, na cheti cha kifo. Mrithi aliye Kolwezi au Kinshasa atume prokura (barua ya uwakilishi) iliyopita kwa noteri. Kijana akikwambia wadogo zake hawana neno, mjibu kwa upole kwamba basi haitawachukua muda kusaini. Akikasirika, ondokeni. Kaka na dada waliosahaulika wanarudi baada ya miaka, na wanarudi na mwanasheria.

Karatasi za Katuba zikinyooka hivyo, nunueni Katuba. Zikikataa, msiikimbilie Kalebuka kwa hasira. Karatasi yake ya chifu ni dhaifu zaidi, na mtaalamu mwaminifu hawezi kuwashauri kutoka tope moja kuingia lingine. Endeleeni kupanga Kenya miezi michache na mtafute nyingine kati ya Katuba na Kenya, au upande wa komini ya Kampemba kama kazi ya mume inaruhusu.

Mume ana sababu, usimbeze. Watu saba kwenye vyumba viwili ni kubanana, na wavulana na wasichana wanakua. Lakini mwombe mafundi wawili, kila mmoja peke yake, wapime ua wa Katuba na kutaja gharama ya aneksi (jengo la kuongeza) ya vyumba viwili nyuma: msingi wa mawe, matofali ya kuchoma, shenaji, mabati. Choo kipangwe kwanza, chumba baadaye, kwa sababu nafasi ya choo ikishaliwa na ukuta hairudi. Gharama hiyo iwekeni kando ya zile nauli 352 za kila mwezi, mwone itachukua muda gani kujilipa.

Kwenye malipo, gawanyeni. Kiasi kidogo siku ya makubaliano mbele ya noteri, kiandikwe kwamba kinarudishwa kama mahakama au kadastre itapinga. Sehemu kubwa warithi wote wakishasaini. Fungu la mwisho libaki mikononi mwenu mpaka nyumba iwe tupu, wapangaji wakiwa wametoka, na faktura za maji na kurant zimelipwa. Na kwenye acte de vente (mkataba wa mauzo) majina yawe mawili, lako na la mume.